Mama Blessing na Jina la Mumewe

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tukae. Leo tunamkumbuka mwanamke mmoja, na ningependa tuanze na swali. Mtu unashuka naye shimoni kila siku. Unakula naye sahani moja. Je, jina lake unalijua? Usijibu haraka.

Tunayemkumbuka ni Rhoda Thobias, Mama Blessing wa Rwamgasa, kwenye machimbo ya dhahabu mkoani Geita. Amefariki mwezi uliopita kwa presha, akiwa na miaka arobaini na minne. Alizaliwa Nkome, kandokando ya ziwa, kwa watu wa kuanika dagaa. Rwamgasa alifika akiwa binti, na ndoo mbili za maandazi. Dada yake Generosa anasema maandazi yenyewe yalikuwa magumu. “Wachimbaji walikuwa wananunua maneno yake,” anatuambia huku akicheka na kufuta machozi. “Rhoda alikuwa anaongea, we! Kunyamaza alikuwa hajui.”

Shikeni hapo, wasikilizaji. Rhoda hakujua kunyamaza. Na bado kuna jambo moja alilinyamazia kwa miaka kumi na tisa.

Jambo hilo ni mumewe. Rwamgasa nzima ilimwita Kigoma, kwa sababu alisema anatoka Kigoma. Ndivyo ilivyo machimboni. Unafika, unapewa jina, maisha yanaendelea. Kigoma alikuwa fundi wa magogo, yale yanayozuia duara, yaani shimo la dhahabu, lisiporomoke. Lakini kabla ya ndoa alimweleza Rhoda ukweli. Jina lake ni Eustace Nduwimana. Amezaliwa Burundi. Baba yake aliuawa kwa sababu ya shamba, na waliomuua walimtafuta na yeye. Alivuka mpaka akiwa mtoto wa miaka tisa. “Ukimwambia mtu, mimi nimekwisha,” alisema. Rhoda akaapa.

Basi ukaja ukaguzi wa vibali vya ukaazi, na Kigoma akakamatwa. Aliomba hifadhi, akieleza kwamba akirudishwa atauawa. Ombi likakataliwa. Waliolipitia walisema kisa chake amekitunga baada ya kukamatwa. Kama ni kweli, walimuuliza, mbona hajawahi kumwambia mtu? Akakata rufaa mahakamani. Rufaa ikishindwa, anapelekwa mpakani. Rhoda anabaki na Blessing, binti yao wa miaka kumi na mitano.

Karani wa mahakama alimwambia Rhoda alete mashahidi. Sasa tazameni alichofanya, maana mimi bado nakiwaza. Alichukua karatasi akaandika: “Yeyote anayemfahamu Eustace Nduwimana afike mahakamani Jumatano saa tatu asubuhi.” Akaibandika mwaloni, pale wanapooshea mchanga wa dhahabu. Hakuandika zaidi ya hapo. Alikuwa ameshawaambia watu kwamba Kigoma amekwenda kwao kuzika.

Watu waliisoma. Wakamhurumia sana huyo Eustace. Mmoja akamuuliza, “Mama Blessing, huyu ni ndugu yako?”

“Ni mtu ninayemfahamu,” Rhoda akajibu.

Jumatano ikafika. Karani aliita mashahidi wa Eustace Nduwimana. Akaita tena. Akaita mara ya tatu. Ukumbini alikuwepo Rhoda peke yake, na ushahidi wa mke waliona hautoshi. Jaji akaahirisha shauri kwa wiki mbili. Wiki mbili tu, wasikilizaji.

Generosa alimsihi dada yake asiseme kitu. Wakijua ni Mrundi aliyewadanganya miaka yote, watamtetea kweli? Rhoda naye aliogopa. Blessing anakumbuka mama yake akikanda unga wa maandazi mpaka ukawa hauna maana tena. “Halafu akaniambia, navunja kiapo changu leo, usinichukie,” Blessing anasema.

Alikwenda mwaloni saa sita mchana, watu wamejaa. Akasimama kando ya ile karatasi. Akasema: “Huyu Eustace ni Kigoma. Siyo mtu wa Kigoma, ni Mrundi. Ni mume wangu. Yuko mahabusu, na mimi nimewadanganya.”

Karasha za kusagia mawe zilikuwa zinanguruma, ila watu waliacha kazi. Mmoja akaguna, “Kumbe mkimbizi.” Hapo akasimama mchimbaji mmoja aliyeitwa Chuma, mtu mrefu wa Kishapu.

“Mayu,” akasema, maana Wasukuma humwita mama hivyo, “mimi nilijua.”

Rhoda hakuamini masikio yake. Ni hivi. Miaka minane kabla, duara liliporomoka, na wawili hao wakakaa chini kwa muda wa saa kumi na moja wakingoja kufukuliwa. Kigoma alidhani wanakufa, akamsimulia kila kitu: baba, shamba, jina. Walipotoka wazima, Chuma hakuligusa tena jambo lile, na Kigoma naye hakumtaja kwa yeyote, asije akamponza. “Sasa kama tunaambiana ukweli,” Chuma akaendelea, “na mimi siitwi Chuma.” Watu wakaangua kicheko. Mwingine akasema na yeye jina lake siyo hilo wanalolijua. Halafu mwingine.

Shauri liliporudi, walifika saba. Na mahakamani, wasikilizaji, hakuna jina la mtaani. Wa kwanza, yule Chuma, akapanda kizimbani, akaapa.

“Naitwa Bujiku Charles. Natoka Kishapu. Kule nina mke, jina lake Sikujua, na sijarudi miaka kumi na miwili.”

“Hilo hujaulizwa,” jaji akasema.

“Nimeapa kusema kweli, mheshimiwa.”

Akaeleza ya shimoni, neno kwa neno. Kisa kilekile, miaka minane kabla ya kukamatwa. Basi hakikutungwa. Rufaa ikakubaliwa. Eustace asirudishwe. Narudia: asirudishwe. Nilimuuliza Bujiku kama baadaye alikwenda Kishapu kwa Sikujua. Alikiri kwamba alikwenda. Kama alifunguliwa mlango, hilo alikataa kuniambia.

Rhoda aliishi na mumewe mwaka mmoja na miezi miwili baada ya hukumu ile. Alizikwa kwao Nkome. Msemaji wa familia alimwomba mume ajitambulishe kwa wageni. Mwanamume aliyelificha jina lake tangu utotoni akasimama na kofia mkononi.

“Ninaitwa Eustace Nduwimana,” akasema. “Baba yangu alikuwa Melkiori. Nimezaliwa Burundi. Jina hili Rhoda alilitamka mbele ya watu wakati mimi nikiliogopa.”

Kutoka nyuma, walikosimama wachimbaji, Bujiku akapaza sauti: “Tunakufahamu!” Wengine wakaitikia, “Tunakufahamu, Eustace!” Blessing anasema hapo ndipo baba yake alipolia.

Tunawapa pole Eustace, Blessing, Generosa, na wachimbaji wote wa Rwamgasa. Tunaumia pamoja nanyi. Mungu ampumzishe Rhoda mahali pema.

Na wewe unayetusikiliza, ile karatasi bado ipo mwaloni, imefifia kwa jua. Kesho ikibandikwa nyingine, yenye jina alilopewa jirani yako na mama yake, utajua ni yeye? Na ukijua, Jumatano saa tatu utafika?