Mistari Mia Nne ya Fundi Gerson

Benchi letu liko kona ya barabara ya Bonga, nje ya duka la vifaa vya ujenzi la Alawi, na mimi Ibra ndiye mwenye birika la kahawa. Niseme mapema: simpendi mtu anayeshika kikombe kimoja asubuhi nzima huku anaongea, na wateja wangu wote ndiyo tabia yao. Yuko Rogath, tunamwita Injinia kwa sababu aliwahi kuwashikia wapima barabara kamba, siku mbili tu. Yuko Filbert wa bodaboda, jina lake Breki, maana hana, si za pikipiki wala za mdomo. Jana akaja Gerson, fundi kompyuta, laptop mkononi, uso umemshuka.

Breki: Vipi Fundi, umefiwa?

Gerson: Kazi yangu inafutwa.

Injinia: Na nani? Halmashauri?

Gerson: Na Devotha.

Devotha tunamjua wote. Binti wa hapo Singe, kushika bisibisi alifundishwa na Gerson, leo yuko Dodoma anaandika programu na watu wa nchi ambazo mimi nazisikia redioni tu.

Gerson: Sikilizeni. Ndani kabisa ya kompyuta kuna programu inayoongoza vyuma. Hii inaitwa Linux, ni ya bure, inaandikwa na watu wa dunia nzima. Kila aina ya chuma, yaani ya kompyuta, ina folda yake, na kwenye kila folda kuna mtu ameandika namna ya kusoma saa. Aina kumi na moja, watu kumi na mmoja. Ya ile kompyuta yangu ya zamani niliandika mimi. Mistari mia nne, miezi saba!

Injinia: Na Devotha kafanyaje?

Gerson: Kaandika moja ya wote. Kila chuma kinataja mapigo ya saa yake tu, kuhesabu kunafanyika sehemu moja. Yangu imebaki mistari kumi na moja.

Breki: Kumi na moja? Huo ni wizi wa mchana kweupe!

Injinia: Ni siasa hiyo. Wakishaweka saa moja ya wote, wanaivuta kidogo kidogo. Hujaona siku hizi Jumatatu inavyowahi kufika?

Breki: Kumbe! Ndiyo maana yule abiria wangu wa Nakwa kila siku ananiambia nimechelewa. Siyo mimi, ni saa ya dunia!

Injinia: Umeona sasa. Hata mvua za mwaka huu...

— Mvua iacheni, nikasema. Fundi, hiyo ya Devotha inafanya kazi, haifanyi?

Gerson alifungua laptop mapajani.

Gerson: Nimeiwasha siku tatu. Haijapoteza hata sekunde. Yangu ilikuwa inapoteza sekunde moja kila siku, miaka tisa, sikujua.

Breki: Lo!

Gerson: Na si yangu peke yake. Kosa hilohilo Devotha kalikuta kwenye folda zote. Mimi nilinakili kwa Mjerumani, Mjerumani kanakili kwa Mkorea, na yeye sijui kwa nani. Wa kwanza alikosea, tukakosea wote, na hatujawahi kuonana.

Jamani! Watu kumi na mmoja, bahari na bahari, sekunde moja ileile inawaponyoka kila siku!

— Sasa anataka nini kwako? nikauliza.

Gerson akasoma ujumbe wa Devotha: “Shikamoo mwalimu. Usiporidhia, ya kwako siigusi.”

Breki: Usiridhie!

Gerson: Jina langu liko juu ya ile kazi, Breki. Ni hapo tu ambapo dunia inaliona.

Mama Antonia, mshona nguo wa jirani, alikuwa amekuja kuulizia simu aliyompa Gerson aitengeneze. Alisimama akatusikiliza mpaka hapo.

Mama Antonia: Samahani, Fundi. Mashine ya aina hiyo wanayo wengi?

Gerson: Zamani. Siku hizi nimetafuta mwenzangu mwaka mzima, sijampata. Wakubwa wa hiyo Linux walishasema itupwe.

Mama Antonia: Devotha anayo?

Gerson: Hana.

Mama Antonia: Angeiacha, akatengeneza hizo kumi, si angepumzika?

Gerson: Sana. Yangu ndiyo iliyomtesa. Miezi miwili ananiuliza maswali.

Mama Antonia: Sasa kwa nini hakuiacha?

Breki akainama kukagua tairi ambalo halikuwa na tatizo lolote. Gerson alivua miwani, macho yamemlowa, wala hakuona haya. Kisha akaandika kwa vidole viwili, polepole, sote tukimchungulia begani: “Marahaba mwanangu. Inafanya kazi. Futa ya kwangu.”