Kiti Kitupu cha Magloire Kapya

"Kaseti ni kaseti, Aimée! Minye sioni tofauti."

"Hauoni juu haujaiangalia, Baba."

"Niangalie nini? Mutu anazungumuza na kiti!"

"Ni kiti ya Mama."

"Njo ile nasema! Huyo mama yako walimupandisha mu treni na godoro ku kichwa. Hakuona mutoto wake kugonjwa. Hakuona kumuzika. Banamwambia tu na mudomo. Iko na haki ya kuona kaburi, Aimée. Na kaseti ingine haiko!"

Wasikilizaji wapendwa, maneno hayo niliyasikia Jumapili iliyopita baada ya misa, katika ua wa marehemu Magloire Kapya, hapa hapa Likasi, mtaa wa Kikula. Aliyepaza sauti ni Baba Barthélemy, mdogo wa baba yake marehemu. Aliyemjibu ni Aimée, dada wa marehemu. Kati yao, juu ya meza, ilikuwa kaseti moja ya video. Watu walikuwa wameacha kula. Mimi nilikwenda kumwomba Aimée maneno mawili ya kusema redioni. Nikakuta vita.

Nieleze vita hiyo, ili msiokuwapo msipotee.

Jumamosi ijayo familia inaondoa kilio, yaani inamaliza matanga. Msalaba wa saruji utawekwa, padri atasoma misa, watu wataimba. Mnajua desturi yetu ya miaka hii. Tangu treni zilipowachukua watu wa Kasai na kuzigawa familia, siku ya kuondoa kilio tunaita mtu wa kamera. Anapiga picha za kaburi, za misa, za watu, na kaseti inapelekwa Kasai kwa wale ambao hawawezi kurudi. Na mnajua sharti lake. Mtu wa kamera analeta kamera. Kaseti inaletwa na wenye kilio. Tangu maduka yaporwe, kaseti mpya ni kitu cha kutafuta kwa tochi. Kwa hiyo watu wanafuta. Harusi inafutwa, ubatizo unafutwa, kilio kinaandikwa juu yake. Dereva aliyeagizwa kaseti Lubumbashi amerudi mikono mitupu.

Nyumbani kwa Magloire kaseti ni moja. Na kaseti hiyo ndiyo filamu yake ya mwisho aliyoifanya hapa Likasi. Nakala nyingine hakuna. Narudia: nakala nyingine hakuna.

Wengi wenu mnamjua Magloire wa televisheni. Mnamjua yule mume mwenye wivu wa Kinshasa, anayechungulia chini ya kitanda, anayenusa shati la jirani. Watoto wangu walikuwa wakimwiga mezani mpaka nikakataza. Watu walicheka, naye alikula kwa kazi hiyo, sawa. Lakini mimi nasema wazi: huyo hakuwa Magloire. Kule alipewa kelele. Magloire wa kweli alikuwa hapa, kabla hajajulikana, pamoja na Zéphirin, mpiga picha wa harusi, na kamera moja ya begani. Ni huyo ninayemkumbuka leo.

Magloire alizaliwa Likasi. Baba yake alitoka Kambove, akafanya kazi kiwandani mpaka mapafu yakakataa. Mama yake, Mama Martine, ni mtu wa Kasai, upande wa Mwene-Ditu, binti wa mtu aliyeletwa zamani kufanya kazi ya shaba. Mtoto alianza kuigiza parokiani. Aimée anasema: "Padri alimupatia kazi ya mulinzi wa kaburi ya Yesu, mulinzi mwenye kulala. Alilala muzuri mpaka mama mumoja akamufunika na kitenge."

Filamu yake ya kwanza aliiita Foleni. Ilikuwa mwaka 1991, mkate ulipokuwa haba. Mnakumbuka tulivyopanga foleni. Mtu akichoka anaweka jiwe mahali pake, anakwenda nyumbani kuangalia watoto, anarudi. Jiwe lilikuwa na heshima. Hakuna aliyelisogeza. Magloire anaigiza mtu anayeachiwa mawe ya jirani zake ayalinde. Asubuhi watu ni wengi na mawe ni machache. Halafu watu wanapungua na mawe yanaongezeka. Mwishoni foleni yote ni mawe, na yeye peke yake katikati, anayasalimia. "Bonjour, Mama Carine. Bonjour, Tonton David. Ulilala muzuri?" Anamsalimia kila mmoja kwa sauti yake. Jiwe la mzee analiinamia. Jiwe la mtu mwenye deni analipita bila kulitazama, kisha anarudi.

Niliitazama katika ua wa Zéphirin, kwenye televisheni iliyofungwa kwenye betri ya gari. Nilikuwa nimesimama, mtoto mgongoni. Watu walicheka sana kwenye yale mawe. Kisha walinyamaza, mmoja baada ya mwingine. Yule mwigizaji hakutuomba tulie. Hakukunja uso. Alikuwa anasalimia tu. Sijawahi kuona mtu akiwa peke yake vizuri namna ile.

Sasa nije kwenye hii kaseti ya mezani.

Zéphirin hakuwa na mashine ya kukata na kuunganisha picha. Kwa hiyo walifanya kazi kwa mstari. Walianza na picha ya kwanza ya hadithi, wakafuata ya pili, ya tatu, mpaka mwisho, moja kwa moja juu ya kaseti ileile. Wakikosea, wanarudisha nyuma kidogo na kuandika juu ya kosa. Kilichopita kimepita. Huwezi kurudi mwanzo bila kufuta yote.

Hadithi yenyewe ni ndogo. Mwana na mama wanapika jikoni, unga ni kidogo. Basi. Mwana ni Magloire. Mama ni mama yake mwenyewe, Mama Martine. Hakujua kuigiza na hakutaka kujua. Zéphirin anacheka akikumbuka: "Nilikuwa namwambia, Mama, usiangalie kamera. Anajibu: Na yeye asiniangalie!" Anaonekana kwenye kiti cha mbao, anachambua maharagwe, anamgombeza mwanawe kweli kweli.

Walikuwa wamefika katikati ya hadithi wakati watu wa Kasai walipoambiwa waondoke hapa, warudi kwao. Nyote mlikuwapo. Mliona kituo cha treni kilivyojaa, watu wakilala kati ya masanduku na masufuria, miezi na miezi, wakingoja treni. Sitayaeleza zaidi. Mama Martine alikuwa mjane wa mtu wa hapa, watoto wake ni wa hapa, lakini yeye alihesabiwa mtu wa kule. Aliondoka mwaka 1993 pamoja na ndugu zake. Magloire na Aimée walibaki. Nyumba moja ilitoa mtu mmoja.

Zéphirin alimwambia Magloire waache filamu. Magloire alisema hapana. Zéphirin akamwambia basi tutafute mama mwingine, tuanze upya. Magloire alisema hapana, kuanza upya ni kumfuta Mama.

Akakirudisha kiti mahali pake. Akaendelea na hadithi ileile, jikoni mlemle, akiongea na kiti.

Leo Aimée yuko hapa nami studioni. Kaseti ameileta kwenye mfuko wa sukari. Zéphirin naye amekuja, amebeba mashine yake ya video kwenye baiskeli, imefungwa blanketi kama mgonjwa. Fundi wetu Adrien ameiunganisha na meza yetu ya sauti. Hamtaona picha. Mtasikia sauti. Nawaonya: kuna kimya ndani yake. Adrien hapendi kimya redioni, anasema watu watadhani umeme umekatika. Umeme haujakatika. Msiguse redio zenu.

Sikilizeni.

"Mama, unga iko kidogo. Tupike yote, ao tuache ya kesho?"

…

"Sawa. Tuache ya kesho."

…

"Hapana, hii sahani ni ya kwako. Ya minye njo ile."

…

"Unadanganya. Ata asubui haukukula."

…

"Eh, Mama! Maneno gani hiyo? Minye ni mutoto tena?"

Hapo anacheka, mmesikia. Anacheka kama mtu aliyetukanwa kwa mapenzi.

Wasikilizaji wapendwa, katika kile kimya hakuna aliyesema kitu. Jikoni palikuwa na Magloire, kiti, na Zéphirin nyuma ya kamera. Lakini ninyi mmesikia mama akisema ameshiba. Mmemsikia akisukuma sahani. Hata tusi lake mmelisikia. Magloire hakujaza kimya cha mama yake kwa maneno yake mwenyewe. Alimwachia nafasi yake yote. Alingoja kila jibu kwa urefu wake. Kazi hiyo, televisheni ya Kinshasa haikumwomba hata siku moja.

Mwaka uliofuata alichukuliwa na kikundi kimoja cha maigizo, akaenda Kinshasa, akawa mume mwenye wivu. Alirudi Likasi mwaka huu, mwembamba, na homa isiyomwacha. Aimée alimuuguza. Alimzika. Barua mbili alizotuma kwa mama yake kabla ya kufa hazikujibiwa, na hakuna anayejua kama zilifika.

Na huyu Mama Martine hajaiona filamu hii. Hajui hata kwamba iliendelea baada yake.

Nilimuuliza Zéphirin swali la mtu wa nyumbani. Kila kaseti ya video ina jino dogo la plastiki mgongoni. Ukilivunja, mashine haiandiki tena juu yake. Kila mtu wa harusi analijua jino hilo. Kwa nini Magloire hakulivunja?

Zéphirin alijibu: "Nilimwambia mara mingi. Magloire, vunja jino, batafuta kazi yako. Anasema: bado. Ku mwisho tuliacha nafasi kidogo. Ni ya siku Mama atarudia. Ataikala ku kiti, atajibu, njo filamu imalizike."

Nafasi hiyo ipo. Ni ndogo, haitoshi misa, haitoshi hata wimbo mmoja mrefu. Kabla ya kipindi nilimwambia Aimée, mimi na akili yangu ya kugawa nyama kwa watoto wengi: weka basi kaburi hapo mwishoni, picha fupi, Baba Barthélemy aridhike. Aliniangalia. Akasema: "Mama Simone, ile nafasi haiko ya kaburi."

Baba Barthélemy si mtu mbaya, na sitaki mtu amseme vibaya sokoni. Anampigania shemeji yake. Mama aliyefukuzwa ana haki ya kuona mahali mwanawe alipolala. Na Aimée anapigania kile ndugu yake alichobakiza. Wote wawili wanampigania mwanamke yuleyule.

Kwa Mama Martine huko Mwene-Ditu, kama sauti hii haifiki basi mtu aibebe: Likasi inakupa pole. Kwa Baba Barthélemy na ukoo wote wa Kambove, pole. Kwa Aimée, ambaye anapika sasa chakula cha mtu mmoja katika jiko lile, pole sana. Mungu ampokee Magloire.

Na ninyi mnaonisikiliza, kabla hamjaandika kilio cha leo juu ya kaseti ya jana, kaeni mwitazame kwanza mpaka mwisho. Mjue mnamfuta nani. Nyumba ngapi hapa kwetu zina kiti kama kile? Hatukisemi. Tunaweka nguo juu yake.

Nilitaka kumaliza hapo. Lakini Aimée ananishika mkono. Anataka kipaza sauti. Sema, Aimée.

"Baba Barthélemy, najua unasikia, redio yako haizimikake. Nilikuwa bado sijaiangalia pamoja na bantu. Nilikuwa naiangaliaka peke yangu. Leo njo nasikia: anamungojea. Muda yote anamungojea Mama ajibu. Sasa Mama hajarudia hapa, na yeye Magloire hatamungojea tena hapa. Kaburi, Baba, Mama ataiona siku treni itamurudisha. Kama haitamurudisha, tutamwelezea na mudomo, sawa tulivyofanya. Lakini hii ataipata. Mama Delphine, mwenye kuuzisha samaki ya mukavu, anapanda treni kesho kwenda Mwene-Ditu. Nitamupatia ku mukono."

Namuuliza: na ndugu zako watasemaje, Aimée? Kaseti ikipotea njiani?

"Ikipotea, ipotee iko inaenda kwa Mama. Ata ile nafasi ya mwisho ibaki vile. Yeye anajua ile alitaka kujibu. Ataijibia kule."

Wasikilizaji wapendwa, Aimée ametoa ufunguo wa nyumba. Ameigeuza kaseti mgongo juu, hapa mezani pangu. Zéphirin amesimama. Ncha ya ufunguo iko chini ya jino.

Adrien, sogeza kipaza sauti.

…

Mmesikia. Limevunjika.