Barua Iliyokwenda Ottawa

Mbele ya maghorofa ya kupanga ya Flemingdon Park, Toronto, kuna benchi ambalo kila Ijumaa asubuhi hugeuka bunge. Mzee Anwarali, aliyeuza spea Kisumu miaka ishirini, ndiye huleta chupa ya kahawa. Wanamwita Katiba. Macharia, dereva wa lori, wanamwita Jaji, maana hukata kesi kabla hajaisikiliza. Ijumaa hiyo Nyaboke alifika na barua, uso umemshuka. Dada yake amelazwa kule Calgary, na binti wa dada, Kemunto wa miaka sita, amechukuliwa na ustawi wa jamii, anakaa kwa watu asiowajua. Nyaboke ni mama yake mdogo, anamtaka aje Toronto. Ni benchi hili lililomshauri amwandikie waziri, Ottawa.

— Wamejibu? aliuliza Katiba, akimimina.

— Baada ya miezi mitatu. Wanasema mambo ya watoto si yao, ni ya jimbo.

— Serikali kuu nzima! Kazi yao nini basi?

— Pasipoti na jeshi, alisema Jaji. Nyaboke, andikia jimbo. Ontario hii hii.

— Mtoto yuko Calgary, jimbo la Alberta, Jaji.

— Na wewe uko hapa. Sheria mbili, mtoto mmoja. Basi wamlete mpaka Manitoba, nanyi mkampokee huko katikati.

— Wewe! Mtoto si shehena ya lori! alisema Nyaboke.

— Tuache majimbo, alisema Katiba. Tumwandikie Mfalme, London. Majimbo yote ni yake.

— Mfalme na Kemunto wapi na wapi, mzee?

— Mkubwa akisema, wadogo wanatii. Kisumu leseni yangu niliipata hivyo.

Siku nyingine Nyaboke angecheka. Lakini Jumapili Kemunto alimwambia kwenye simu kwamba kila asubuhi anapanga viatu vyake kwenye begi, asije akachelewa kuondoka.

Mwanamke mmoja aliyekuwa akingoja basi aligeuka.

— Samahanini. Naitwa Chepkoech, nimehamia jengo la pili wiki jana. Mtoto akichukuliwa hivyo, huwa na kesi mahakamani. Yake inasikilizwa lini?

— Kesi gani? aliuliza Jaji.

— Hamjamuuliza afisa wa ustawi anayemshughulikia mtoto?

Afisa huyo wa Calgary alikuwa amemwachia Nyaboke ujumbe mara mbili. Nyaboke hakumpigia. Jaji alikuwa amemwonya asizungumze na wadogo kabla mkubwa hajajibu.

Ilikuwa saa tano. Calgary, iliyo nyuma kwa saa mbili, ofisi ndiyo kwanza zinafunguliwa. Nyaboke alisimama kando ya benchi, akapiga. Alizungumza Kiingereza chake cha taratibu, akitaja jina la Kemunto herufi moja moja. Kisha akasikiliza muda mrefu.

— Ni Jumatatu, aliwaambia alipokata simu. Saa nne.

— Si unaona! Bado ipo! alisema Katiba.

— Walikuwa wameshaandika kwamba simtaki.

Nyaboke alikuwa tayari anatafuta kwenye simu tiketi ya ndege ya Calgary.