Fundi Chaki na Mlango Ambao Hakuuacha Wazi

Ndugu, majirani, na nyinyi wa hospitali mliokuja na sare zenu: haya ndiyo maisha ya Fundi Chaki kwa kadiri nyumba yake inavyoyakumbuka. Limo pia lile jambo la Septemba 2022, ambalo wengi wenu mnalijua upande mmoja tu. Litasomwa lote likifika zamu yake. Marehemu amelibeba vya kutosha.

Marehemu alizaliwa Ijumaa, tarehe 14 Juni 1957, katika chumba cha nyuma cha kiwanda cha uchapaji ambako baba yake alikuwa mpanga herufi. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya saba. Mama yake alizoea kusema kwamba mtoto huyu alikuwa akilala mashine zikinguruma, na zikizimwa tu anaamka na kupiga kelele mtaa mzima usikie. Hata utu uzimani, ukimya ulimtia shaka. Redio ikinyamaza, yeye huyo anasimama.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1965 hadi 1971, kisha ufundi wa redio kwa miaka minne, akamaliza Novemba 1975. Alipokuwa na miaka kumi na sita aliunda redio kwa kopo la maziwa na vipuri vya kuokota. Redio hiyo ikaanza kudaka sauti za walinzi wa ghala la jirani wakiongea kwa redio zao za mkononi. Mchana mmoja akamsikia mlinzi akimwambia mwenzake, "Njoo tule. Geti la nyuma liache tu, nani atajua?" Kijana akavaa viatu, akaenda kumweleza msimamizi wa ghala kwamba geti la nyuma halina mtu. Msimamizi akamkwida ukosi.

"Na wewe umejuaje?"

"Nimesikia, mzee. Maneno yenu yanapita nyumbani kwetu."

Alirudi na kofi la shavu. Kesho yake walinzi wakaanza kula kwa zamu. Kisa hicho alikisimulia mpaka uzeeni, na kila akifika kwenye kofi alijipapasa shavu kana kwamba bado linawaka, halafu anacheka.

Alifanya kazi posta kuanzia 1977, akitunza mitambo ya simu, hadi ofisi yao ilipofungwa mwaka 1998. Akafungua kibanda cha kutengeneza redio, kisha simu, kisha kompyuta, kila kitu kwa wakati wake. Tarehe 2 Machi 2009 aliajiriwa hospitalini kuwa fundi wa mtandao. Wakati huo hospitali ndiyo kwanza imeanza kupitisha hewani kila kitu: majibu ya maabara, mafaili ya wagonjwa, tarehe za kliniki. Wengine walifurahia kwamba waya zimepungua sakafuni na hakuna wa kujikwaa. Yeye aliona geti la nyuma. Alisema mwizi wa mtandao wa waya lazima apate mlango aingie chumbani, ila wa mtandao wa hewani anaweza kukaa ng'ambo ya barabara akanywa chai yake taratibu, na hakuna atakayemuuliza anafanya nini.

Ndipo ilipoanza ile mizunguko yake. Kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi alitoka nje ya ukuta wa hospitali, kompyuta ndogo ikining'inia shingoni kwa mkanda wa kitambaa alioshonewa na mkewe, chaki mfukoni mwa shati. Alitembea mpaka mtandao wa hospitali unapokata, akachora alama hapo. Mwezi unaofuata alipita tena, aone kama umevuka alama. Ukivuka, kuna kitu kimebadilika ndani, na hali chakula mpaka akipate. Mara ya kwanza alichora misalaba kwenye kuta za nyumba za jirani. Kufikia mchana muuza mkaa alikuwa ameshatoa nje vyombo vyote, mpaka kitanda.

"Fundi, tunabomolewa lini?"

"Hambomolewi, mama. Hapo ndipo mtandao wetu unapoishia."

"Sasa si ungechora duara! Msalaba ni wa kubomolea!"

Akamsaidia kurudisha kitanda ndani. Tangu siku hiyo alichora duara, na tangu siku hiyo akaitwa Fundi Chaki.

Aliamini kwamba huwezi kuziba tundu ambalo hujalitafuta kama anavyolitafuta mwizi. Mwaka 2014, kwa ruhusa ya mganga mkuu, aliweka kwenye begi lake kifaa kidogo chenye mtandao aliouita jina lilelile la mtandao wa hospitali, akaketi benchi la wagonjwa kama mtu anayesubiri sindano. Hadi saa sita mchana wafanyakazi kumi na tisa walikuwa wameshaunganisha simu zao kwenye begi, mganga mkuu mwenyewe akiwemo. Aliyasoma majina kikaoni moja moja.

"Kwa hiyo umetuibia?" mganga mkuu akauliza.

"Nimewaazima tu, mkuu. Mwingine hatawarudisha."

Baada ya kikao hicho kila mtu alibadilishiwa neno la siri. Wagonjwa na wageni wakapewa mtandao wao peke yao, usiogusa mafaili. Vile vitufe vya nyuma ya ruta, ambavyo ukikibonyeza kimoja mtu anaingia bila kuulizwa, vyote vikazimwa.

Alifunga ndoa Jumamosi, tarehe 22 Agosti 1981, na fundi cherehani wa hospitali hiyohiyo, aliyekuwa akishona mashuka katika stoo ya nguo. Bibi alisema mwaka ule redio yake iliharibika mara nne, na kila ikitoka kutengenezwa na huyu bwana ndipo inapopata ugonjwa mpya. Babu alikana hadi mwisho. Waliishi pamoja karibu miaka thelathini na minane na kujaliwa watoto watatu. Bibi aliugua, akafariki tarehe 3 Mei 2019. Mjukuu wa kike aliyetolewa shule darasa la tano ili amuuguze alibaki na babu yake. Ni yeye aliyepewa kazi ya kuandika karatasi hii.

Alipofika hapa, kalamu ilisimama. Binti mkubwa wa marehemu aliichukua karatasi, akasoma mistari iliyokwisha kuandikwa, akairudisha mezani.

"Hapo pa hospitali paruke."

"Siwezi, mama mkubwa."

"Huwezi nini? Siku ya mazishi hatufukui, tunafukia. Na Jumatatu si unaanza kazi palepale kwa fundi mpya? Unataka uende na midomo yako mwenyewe ukajifungie geti?"

"Babu ndiye anayezikwa na maneno ya hospitali."

Mama mkubwa akaenda kukosha vikombe ambavyo vilikuwa visafi. Basi hapa hapakurukwa.

Ilivyojulikana ni hivi. Jumanne, tarehe 6 Septemba 2022, kompyuta za hospitali zilijifunga zote. Mtu ambaye mpaka leo hajulikani aliingia kwenye mtandao akiwa nje ya ukuta na kufungia mafaili ya wagonjwa. Siku kumi na moja hospitali ilirudi kwenye kalamu na daftari. Kina mama waliotoka mbali na watoto migongoni waliambiwa majibu yao hayapo, warudi wiki ijayo. Ripoti ya hospitali iliandika kwamba fundi wa mtandao aliacha ruta isiyo na kibali ndani ya stoo ya nguo, ikiwa na neno la siri la kiwandani. Marehemu aliisoma, akatia saini. Aliachishwa kazi tarehe 30 Septemba, ikiwa imebaki miezi mitatu astaafu, bila hata kikombe cha chai cha kuagana. Barabarani waliacha kumwita Fundi Chaki, wakamwita Mlango Wazi. Alikuwa akiitika.

Na ilivyokuwa ni hivi. Ruta ile iliwekwa na mjukuu wake. Alikuwa na miaka kumi na minne, na kila siku alimpelekea babu chakula cha mchana. Akisubiri vyombo alikaa stoo ya nguo, kwenye kiti alichokuwa akikalia bibi yake. Kuta za stoo ni nene, mtandao haufiki. Naye alitaka kuangalia masomo ya darasa la sita kwenye simu, na kusema kweli, video za kusuka nywele zaidi kuliko masomo. Nyumbani, kwenye sanduku la vitu ambavyo babu ameshavitengeneza, palikuwa na ruta ndogo iliyorudishwa kama ilivyotoka kiwandani, neno lake la siri limebandikwa chini ya kitako. Tarehe 10 Agosti aliibeba ndani ya kikapu cha chakula, akaichomeka kwenye tundu la waya nyuma ya rafu ya mashuka. Tundu lile halikuwa la wageni. Lilikwenda moja kwa moja kwenye mafaili. Hakujua hilo, lakini alijua kwamba hakuruhusiwa, maana aliifunika kwa foronya.

Jambo la pili ni zito kuliko la kwanza. Jumatatu, tarehe 5 Septemba, ilikuwa siku ya mzunguko. Alijua kwamba babu akitoka na chaki yake atakuta mtandao umevuka duara. Alitaka kwenda kuichomoa kabla, lakini mwenye funguo za stoo alikuwa likizo tangu Alhamisi. Basi alfajiri akajikunja kitandani, akashika tumbo.

"Linauma wapi, mama?" babu akauliza.

"Kote."

Babu akavua mkanda wa kompyuta, akautundika msumarini. Akachemsha maji, akamkalia pembeni kutwa nzima akimsimulia kisa cha kofi ili acheke. Mjukuu alicheka, na tumbo lilikuwa zima. Katika miaka kumi na mitatu, huo ndio mzunguko pekee ambao Fundi Chaki hakuufanya. Kesho yake kompyuta zikajifunga.

Marehemu hakuwahi kuuliza nyumbani. Wiki ileile aliyoachishwa kazi aliweka ruta juu ya meza ya kulia, akamwambia mjukuu, "Huu ni mtandao wangu. Uvunje, uingie. Ukishaingia, njoo unioneshe ulipopita, halafu tuzibe wote." Ilimchukua siku tatu tu, kwa sababu babu alikuwa ameweka jina la bibi kuwa neno la siri. Wakaziba. Wiki iliyofuata akaweka kufuli gumu zaidi. Alimfundisha kutambua mtandao wa bandia unaojiita jina la kweli, na kwa nini kifaa kisichopewa maboresho kinaoza kimyakimya ingawa taa zake zinawaka. Alimfundisha kuomba ruhusa kwa maandishi kabla hajagusa cha mtu, hata cha jirani, hata kwa nia njema. "Bila karatasi ya ruhusa," alisema, "wewe na mwizi mnafanana sura." Hapo mjukuu aliinamia daftari, asiweze kumtazama. Miaka miwili ilikwenda hivyo, yeye akijifunza kutoka kwa mtu ambaye yeye mwenyewe alimponza, na kila asubuhi akisema atamwambia leo.

Novemba 2024 marehemu alipatwa na kiharusi, mkono wa kulia ukafa. Februari alilazwa wodi namba tatu ya hospitali ileile. Jumatano, tarehe 12 Machi 2025, alimtuma mjukuu nje na simu, akazunguke ukuta wote na chaki. Aliporudi babu akauliza:

"Umevuka?"

"Haujavuka, babu. Uko ndani ya maduara yote." Kisha akashindwa kujizuia. "Babu, ile ruta ya stoo..."

"Waya wake ulifungwa kwa uzi wa bluu wa kusukia," babu akasema. Maneno yalitoka taratibu, mdomo umepinda upande mmoja. "Nani mwingine hospitali nzima anafunga waya kama rasta? Nilijua nikiwa bado nimepiga magoti nyuma ya rafu."

"Na tumbo?"

"Tumbo gani linauma kote?"

"Mbona hukusema?"

"Ungetajwa wewe, nani angekupa tena waya ushike? Mimi nilishashika zangu." Akafumba macho. "Halafu nilikuwa fundi. Mtoto akiumwa, mzunguko hufanywa jioni. Sikuufanya."

Kwa hayo ya mwisho alijilaumu bure, na mjukuu anayakataa mbele yenu nyote. Alikaa nyumbani kwa sababu alidanganywa na mtu anayempenda.

Marehemu alifariki Ijumaa, tarehe 14 Machi 2025, saa nne asubuhi, mtoto wake wa mwisho akiwa ameshika mkono wake wa kushoto. Familia inawashukuru wauguzi wa wodi namba tatu. Mmoja wao alimwita Fundi Chaki siku zote tatu za mwisho, na kila alipomwita hivyo alifumbua macho.

Ameacha watoto watatu, wajukuu tisa, vitukuu wawili, dada yake mmoja, mkanda wa kitambaa, na boksi la chaki lililofika nusu. Ameacha pia ripoti moja, iliyo kwenye kabati la ofisi ya utawala, yenye saini yake chini ya kosa la mtu mwingine. Mkuu wa utawala yuko hapa, mstari wa mbele. Mjukuu anayesoma karatasi hii anaomba ripoti hiyo ifunguliwe na jina libadilishwe. Uzi wa bluu anao, atauleta Jumatatu. Kama Jumatatu hiyo si ya kuanza kazi tena, atauleta hivyohivyo na kurudi nyumbani.

Mungu ampe Fundi Chaki mapumziko mema. Hakuuacha mlango wazi.