Mzee Wati na Taa ya Zamu

Kwa huzuni isiyopimika, inatangazwa kwa ndugu, jamaa, marafiki na mafundi wote wa lifti kwamba taa arobaini na moja za mezani, zilizotengenezwa kwa resini kati ya mwaka 1950 na 1965, zimefiwa na baba. Mke na watoto watatu wamefiwa pia, ila marehemu mwenyewe angetaka taa zitajwe kwanza.

Marehemu, ambaye wengi mlimwita Mzee Wati, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa nne kati ya saba wa fundi cherehani na mkunga, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli. Nyumba haikuwa na umeme. Alisoma kwa kibatari, na asubuhi mama yake alimtambua kati ya wenzake kwa masizi puani.

Alianza shule ya msingi mwaka 1958 akamaliza 1965. Mwaka 1968 aliingia chuo cha ufundi, akahitimu umeme mwaka 1970. Ripoti yake ya mwisho, ambayo aliitunza hadi kifo, ina sentensi mbili: “Mikono mizuri. Mdomo upunguzwe.”

Tarehe 1 Februari 1971 aliajiriwa kuwa fundi wa lifti katika jengo la ofisi la ghorofa tisa, na huko alikaa hadi alipostaafu mwaka 2009. Mwaka 1974 ofisi moja ya ghorofa ya sita ilibadilisha samani, na msafishaji akaingia kwenye lifti amekumbatia taa ya mezani ya rangi ya asali.

“Hiyo unaipeleka wapi?” marehemu aliuliza.

“Jalalani, fundi. Ya kizamani hii.”

“Na wewe je, wa juzi?”

Alirudi nayo nyumbani. Kwa wasiojua, resini humiminwa kwenye kalibu ikiwa majimaji, ikatiwa majani, kombe au nyuzi, kisha ikaganda ngumu kama kioo. Haipendi joto. Balbu kali huipasua, ndiyo maana marehemu hakuruhusu balbu yoyote kuzidi wati ishirini na tano. Hata akialikwa chakula kwa watu, aliinama kwanza kuchungulia balbu yao. Jina la Mzee Wati lilitoka huko.

Alifunga ndoa tarehe 12 Agosti 1978 na mpiga taipu wa ghorofa ya nane, mwanamke aliyepanda ngazi kila siku. Marehemu alimuuliza kwa nini hapandi lifti. “Kwa sababu nimekuona ukiipiga mota kwa kiatu,” alijibu. Mama bado anapanda ngazi.

Rafiki yake mkubwa alikuwa Kinyozi, mwenye duka la kunyolea mtaa wa pili, naye mgonjwa wa taa vilevile. Mwaka 1996 walikutana katika duka la vitu vilivyotumika, kila mmoja kaishika taa ileile: marehemu shingoni, Kinyozi kitakoni. Ilikuwa ya mwaka 1957, na ndani ya resini mlikuwa na jani zima la muhogo, kila kidole chake kimenyooka. Mwenye duka aliwauliza, “Mnataka taa au mnataka talaka?” Wakakubaliana zamu. Januari hadi Juni ikae kwa marehemu, Julai hadi Desemba ikae kinyozini, juu ya meza ya mikasi. Waliipa jina Malkia, na kwa miaka kumi na tisa haikuchelewa hata siku moja.

Hapa familia ilishauri aya ifuatayo iachwe. Kitindamimba, aliyepewa kazi ya kuandika wasifu huu kwa sababu ndiye mwenye nafasi, ameona aibu kuiacha, ingawa ameona aibu pia kuiandika.

Jumamosi tarehe 6 Juni 2015 Kinyozi alipita asubuhi kunywa chai na kuiangalia Malkia, kwani zamu yake ilikaribia. Alipoondoka, kitindamimba, aliyekuwa amerudi nyumbani baada ya kuachana na chuo kikuu, alitaka angalau siku moja aonekane ana faida. Akaamua kuing’arisha taa kabla haijahama. Marehemu alifundisha kitambaa chenye maji basi. Kitindamimba akachukua dawa ya dada yake ya kutolea rangi ya kucha. Pamba ilipopita, resini ikapata ukungu mweupe kama jicho lenye mtoto wa jicho, na jani halikuonekana tena.

Marehemu alipoiona na kuinusa, alikumbuka harufu moja tu: spiriti ya wembe iliyokuwa haitoki kwenye vidole vya rafiki yake. Alimwita arudi.

“Wiki tatu tu zilibaki. Hata wiki tatu zimekushinda?”

“Mzee mwenzangu, mimi sikuigusa.”

“Na hiyo spiriti mikononi?”

“Basi kaa nayo,” Kinyozi alisema, akavaa kofia yake. “Na nywele zako kaa nazo.”

Kitindamimba alikuwa nyuma ya mlango wa jikoni, pamba mfukoni. Alikuwa na miaka ishirini na mbili na ulimi mzima kinywani.

Kuanzia siku hiyo marehemu alinyolewa na mama, kwa mkasi wa kukatia vitambaa ambao marehemu aliurithi kwa baba yake. Mliomwona mlidhani ni uzee. Kazi ya kushika kioo ilikuwa ya kitindamimba, kila mwezi, kwa miaka tisa, na kila mwezi alifungua mdomo, akaufunga, akasema, “Imekaa vizuri, baba.” Malkia ilifunikwa shuka, ikawa haina zamu kwa mtu.

Marehemu alilazwa tarehe 2 Septemba 2024 kwa maradhi ya figo. Alipoulizwa kama Kinyozi aitwe, aligeukia ukutani. Alhamisi tarehe 19 kitindamimba alimwambia ukweli. Jibu alilopewa litasomwa mwisho. Kesho yake Kinyozi aliitwa, akafika wodini na mkoba wake, akasimama mlangoni akikitazama kichwa cha marehemu.

“Nani kakufanya hivi?”

“Mke wangu.”

“Nilidhani ajali.”

Alimnyoa palepale kitandani, pole pole, na hakuna aliyezungumzia taa. Marehemu alifariki Jumapili tarehe 22 Septemba, saa kumi na moja alfajiri. Walipata siku mbili. Kitindamimba amezihesabu mara nyingi, hazizidi mbili.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano, dada mmoja, na Kinyozi, aliyekaa kiti cha nyuma kabisa ingawa amewekewa cha mbele. Mzee wetu, njoo ukae mbele. Hukuigusa ile taa. Tangu Julai ni zamu yako, na Januari usiilete.

Mungu amlaze mahali pa mwanga mpole, usiozidi wati ishirini na tano.

Lile jibu, sasa. Alhamisi ile kitindamimba alikuwa ameandaa hotuba. Alipiga magoti kando ya kitanda, akasema, “Baba, mbele yako na mbele ya Mungu nakiri kwamba ni mimi niliyeiharibu Malkia, na kwa kunyamaza kwangu nimekutenga na rafiki yako. Sistahili kuitwa mwanao.”

Marehemu alipapasa kichwa chake upande wa kushoto, pale mkasi wa mama ulipozoea kupotea njia.

“Kwa hiyo miaka tisa yote mama yako ananinyoa bure.”