Weris wa Simu, Aliyeendesha Kinyozi Bila Kukanyaga Mlangoni

Asalaam aleikum, wasikilizaji wapendwa. Aliye na kazi mkononi aendelee nayo, lakini sikio anipe mimi. Leo tunamkumbuka mtu ambaye wengi wenu mmeongea naye mara nyingi, na sura yake hamkuwahi kuiona. Tunamkumbuka Weris Kulow, wa mtaa wa Galbet, hapa Garissa. Tulimzika Jumanne ya wiki jana. Alikuwa na miaka thelathini na minane.

Nalirudia jina kwa aliyechelewa kufungua redio: Weris Kulow. Bado hujamjua? Haya, nikuulize. Umewahi kupiga simu kwa kinyozi Kerrow, yule wa karibu na soko, ukajibiwa na mwanamke mwenye sauti ya kucheka? Akakwambia, "Wewe njoo saa nne, na hiyo ndevu yako ya hina uje umeshaiosha"? Ehee! Huyo ndiye. Ulidhani amekaa palepale dukani, nyuma ya pazia. Wallahi hakuwahi kukanyaga pale hata siku moja.

Weris alizaliwa Kotile, kwa wafugaji. Alipokuwa na miaka minne alishikwa na homa. Homa ikapita, lakini miguu haikumrudia. Na mnajua maisha ya wafugaji, wasikilizaji, malisho yakiisha watu wanahama. Kila walipohama, Weris alipakiwa juu ya punda pamoja na vibuyu vya maziwa. Wifi yake, Filsan, aliniambia jambo moja. Alisema, "Weris alikuwa akiniambia, abaayo, dada yangu, kila punda alipoinuka nilijiuliza, leo wamenipakia mimi, wakaacha nini?"

Hilo ndilo lililomsumbua maisha yake yote. Hakuogopa kufa, wala hakulilia miguu. Aliogopa kuwa mzigo. Wazazi walipofariki, kaka yake Hared, mumewe Filsan, alimleta hapa Galbet. Akampa chumba kizuri chenye dirisha, na chakula hakikukosekana. Lakini Weris alikaa kwenye mkeka akihesabu siku, kwa sababu mtu hawezi kushiba kwa kuhudumiwa tu.

Sasa twende mwaka wa tisini na mbili. Siku moja Hared alirudi nyumbani na kichwa kimenyolewa nusu. Nusu, wasikilizaji! Upande mmoja uling'aa, upande mwingine ulikuwa msitu. Alikuwa kwa Kerrow, siku ya Ijumaa, na kila mwanamume wa mji huu alitaka kunyolewa kabla ya swala. Mzee mmoja mkubwa kwa mwili akamwinua Hared kitini, akasema zamu ni yake. Kerrow angeamua nani alitangulia, lakini Kerrow ana kigugumizi. Tangu utotoni ulimi wake unakwama. Kabla hajamaliza kusema "we-we-wewe ngoja", mzee alikuwa ameshakaa na kitambaa shingoni.

Na dukani mle kulikuwa na simu. Aliyepanga chumba hicho kabla yake alikuwa dalali wa ng'ombe, akahama akaiacha. Simu ililia, Kerrow akainua mkonga, neno likakataa kutoka, na aliyepiga akakata. Kila siku hivyohivyo. Enyi watu wa Garissa kwa haraka zenu! Mtu anatafuta neno, ninyi mmeshakata.

Weris alipoiona ile nusu ya kichwa alicheka mpaka akalowa machozi. Halafu akamwambia kaka yake, "Walaal, kamwambie huyo kinyozi awape watu namba ya hapa nyumbani. Mimi nitapanga zamu." Hared alidhani ni mzaha. Weris akamwambia, "Mimi miguu ndiyo haina kazi. Mdomo iko sawa kabisa."

Na wakafanya hivyo. Sikilizeni jinsi walivyofanya, maana sijaona kazi kama hiyo kwingine. Mteja alipiga simu Galbet, kwa Weris. Weris akampa saa. Kisha Weris akapiga simu dukani. Kerrow aliinua mkonga asiseme neno, akagonga juu yake kwa kitana chake. Kugonga mara moja ilikuwa ndiyo. Mara mbili, hapana. Na mara tatu ilikuwa swali: nani anafuata?

Nani anafuata? Hilo swali likumbukeni. Tok, tok, tok, mara ishirini kwa siku. Na Weris, pale kwenye mkeka, akajibu. "Anafuata mwalimu Kadar, usiguse kile kidonda cha kisogoni. Baada yake ni wale wawili waliogombania kisima, usiwakalishe benchi moja." Hakuandika popote. Vichwa vya wanaume wa mji huu vyote alikuwa navyo kichwani. Nyembe zikipungua, yeye ndiye aliyempigia muuzaji wa Nairobi zije na basi. Na alishika sharti moja: kila mtu wembe mpya, hata awe mkubwa gani.

Kila Alhamisi Kerrow alimpa Hared ujira wa Weris ampelekee. Wa kwanza kabisa, Weris alimnunulia Filsan shash ya kichwani, ya rangi ya zafarani. Filsan anayo mpaka leo. Aliniambia, "Siku hiyo alinipa akanitazama usoni. Miaka yote alikuwa akipokea kitu anaangalia chini."

Sasa ndugu zangu, nifike kwenye kosa. Siwezi kumkumbuka Weris nikaruka kosa lake, maana mwenyewe hakuliruka.

Ilikuwa mwaka wa tisini na sita. Yupo hapa mjini Abdisalam, muuza nguo. Yeye na mkewe walikaa miaka kumi na miwili bila mtoto. Jumatano moja, muda mfupi baada ya swala ya magharibi, simu ya Galbet ikalia. Abdisalam analia huku anacheka. "Abaayo Weris! Mtoto! Ni kijana! Niletee Kerrow siku ya saba!" Weris naye akalia. Wakalia wote wawili kwenye waya, wakimshukuru Mungu. Weris akasema, "Siku ya saba atakuja, inshallah," na simu ikaisha.

Mnajua desturi yetu. Siku ya saba mtoto ananyolewa nywele alizozaliwa nazo, kondoo anachinjwa, jina linatajwa. Na mnajua hesabu yetu. Siku mpya huanza jua likizama. Mtoto akizaliwa Jumatano kabla ya magharibi, siku ya saba ni Jumanne. Akizaliwa baada ya magharibi huyo ni wa Alhamisi, na siku ya saba ni Jumatano. Weris, kwa kila mtoto, alikuwa anauliza: kabla ya magharibi au baada? Kila mtoto. Huyu mmoja hakumuuliza, kwa furaha. Simu ilikuja baada ya magharibi, akadhani mtoto naye kaja baada. Akapanga Jumatano.

Mtoto alikuwa amezaliwa jua bado lipo juu ya paa.

Jumanne ikafika. Kondoo kachinjwa, sheikh yuko, jamaa wametoka mbali. Kinyozi hayupo. Wakatuma mtu dukani, akakuta pamefungwa, kwa sababu siku hiyo Weris alikuwa amempanga Kerrow akanyoe wanafunzi wa shule ya bweni nje ya mji. Mwishowe mjomba mmoja akachukua wembe. Hakuwahi kunyoa mtoto, akamkata kidogo juu ya sikio la kushoto. Damu ikatoka, wanawake wakapiga kelele. Mtoto aliyesubiriwa miaka kumi na miwili!

Kesho yake, Saynab, mama yake Abdisalam, alikuja Galbet. Alisimama mlangoni, hakukaa, hakunywa chai. Akamwambia Weris, "Mtu ambaye hatoki nje atajuaje jua imezama saa ngapi? Wamepa mtu ya kuwekwa ndani kazi ya watu."

Filsan anasema alipoondoka yule mama, Weris aliomba kanga, akaifunika simu. Akamwambia kaka yake, "Hared, kaseme waikate. Nilijidanganya." Alhamisi yote simu ikalia chini ya kanga. Hakuna aliyeigusa. Na ile habari ya punda ilimrudia, maana usiku ule alimuuliza Filsan kama wanahitaji chumba chake.

Ikaja Ijumaa. Dukani vurugu, watu wanasukumana kama mwaka wa tisini na mbili. Mwalimu Kadar alikuwepo, ndiye aliyenisimulia. Anasema Kerrow aliweka mashine ya kunyolea chini, katikati ya kichwa cha mtu. Akaenda kwenye simu, akazungusha namba. Watu wakaacha kusukumana. Hawakuwahi kumwona akipiga simu mwenyewe.

Galbet, Filsan alichungulia chini ya kanga, akainua mkonga, akasikia mtu anahema. Akajua. Akamwekea Weris sikioni. Weris akangoja kitana. Kitana hakikugonga.

"We," ikasema sauti. "We-we-we." Kadar anasema shingo yake ilisimama mishipa, jasho likamtiririka mbele ya wanaume kumi na watano. "We-Weris. Na. Na-na. Na-nani a-a-anafuata?"

Filsan anasema ilichukua muda hata birika la chai jikoni lilichemka likamwagika. Weris aliziba mdomo kwa mkono. Machozi yakamtoka. Kisha akajipangusa, akasema kwa sauti yake ileile, "Anafuata mwalimu Kadar. Kidonda cha kisogoni."

Akarudi kazini, wasikilizaji wapendwa. Akampigia Abdisalam mwenyewe, akasema, "Kosa ni langu, si la Kerrow." Abdisalam akamjibu, "Abaayo, tulilia wote, na mimi pia nilisahau kukwambia." Hata Saynab alikuja baadaye, akakaa, akanywa chai, vikombe viwili. Na tangu siku hiyo, kila mtoto yule alipopelekwa kunyolewa, Weris alimkumbusha Kerrow: "Juu ya sikio la kushoto pana kovu. Ni langu hilo. Pita taratibu."

Mwaka huu wa tisini na tisa kifua kilimwanza. Filsan alijitolea kushika simu badala yake. Weris akakataa katakata. "Mimi nikienda, watu watampigia Kerrow. Lazima ajibu mwenyewe." Basi kila siku baada ya alasiri Kerrow alipiga simu Galbet, na kitana kilipigwa marufuku. Akigonga tu, Weris anafoka, "Waryaa! Weka chini! Sema!" Yeye ndiye aliyegundua kwamba Kerrow hakwami kwenye salamu. Asalaam aleikum ilimtoka moja kwa moja, kama mtu mwingine yeyote. Weris akamwambia, "Basi anza hapo. Ukishawapa salamu, ni deni kwao kungoja."

Wiki ya mwisho sauti ya Weris ilikuwa imekwisha. Kerrow alipiga simu hivyohivyo, akamweleza habari za duka, taratibu, neno baada ya neno. Weris akamwashiria Filsan ampe kijiko cha chai. Akagonga kwenye mkonga mara moja. Ndiyo.

Jumanne tukamzika. Alhamisi duka likafunguliwa, na saa tatu simu ikalia. Kerrow akaitazama. Ikalia sana. Akainua. "Asalaam aleikum," akasema, barabara kabisa. Alikuwa ni Abdisalam, anaomba zamu ya mwanawe, ambaye sasa ana miaka mitatu. Abdisalam ameniambia alingoja. Alisikia pumzi, alisikia neno linatafutwa. Alingoja mpaka likaja: "Le-leteni sa-saa kumi. Ko-kovu la ku-kushoto. Na-nalijua."

Kwa niaba ya kipindi hiki nampa pole Hared, kaka mtu. Nampa pole Filsan, wifi aliyekuwa dada. Pole kwa jamaa wa Kotile, na pole kwako Kerrow, najua redio iko wazi hapo dukani. Mwenyezi Mungu amrehemu Weris Kulow, na kama alivyowanyooshea wengine njia, amnyooshee na yeye.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, kafikirini leo ni nani mmemkatia maneno wiki hii kwa sababu alichelewa kuyapata. Namba ya kinyozi sasa ni ya dukani, imebandikwa mlangoni. Kesho ni Ijumaa, mtampigia. Mtasikia salamu, halafu mtasikia kimya. Msikate. Yupo, anakuja.