Iliyopita ya Leo

ANASTASE: Haloo? Nani mwenzangu?

VESTINE: Nani tena! Dada yako. Simu yangu imeisha chaji, hii ya mwalimu mwenzangu, na vocha yenyewe kiduchu. Mmeamkaje huko?

ANASTASE: Tu... tumeamka. Wewe?

VESTINE: Roho iko juu juu. Niko nje ya ukumbi hapa Huye, wameshaanza kuita majina. Nikifeli leo, Anastase, darasa langu basi. Miaka ishirini na miwili ya kufundisha kwa Kifaransa, leo serikali inataka Kiingereza, yote inaondoka na karatasi moja!

ANASTASE: Hutafeli.

VESTINE: Haya, niulize kama kila siku. Wakati uliopita. Haraka!

ANASTASE: Dada, si upumzishe kichwa—

VESTINE: We niulize! Kusoma kwako Kampala kuna faida gani?

ANASTASE: "Go."

VESTINE: "Went."

ANASTASE: "Eat."

VESTINE: "Ate."

ANASTASE: "Teach."

VESTINE: "Teached."

ANASTASE: "Taught," dada.

VESTINE: Yesu wangu! Kazi yangu mwenyewe naikosea! [anacheka] Ila na hawa Waingereza nao! Sisi kwa Kinyarwanda tuna iliyopita ya leo, na tuna iliyopita ya jana kurudi nyuma. Ukisema fulani alikula, mwenzio anajua ni leo au mwaka juzi. Wao "ate" tu. Ya leo, ya enzi za Nuhu, chungu kimoja!

ANASTASE: Ndivyo walivyo.

VESTINE: Sasa sentensi. Watataka tueleze habari za mtu tunayempenda. Mimi nitaeleza za Mama. Sikiliza: "My mother is strong."

ANASTASE: "Was."

VESTINE: "Was" ya nini? Si yupo?

ANASTASE: [mkwaruzo kwenye simu] ...Mtihani ni wa wakati uliopita.

VESTINE: Ehee, kweli. "My mother was strong. She loved—" Mbona unavuta kamasi?

ANASTASE: Mafua.

VESTINE: Na hao wanaoongea? Nasikia viti vinaburutwa.

ANASTASE: Majirani. Wamepita tu.

VESTINE: Asubuhi yote hii? Hebu mpe Mama simu nimsalimie. Juzi kifua kilikuwa kinambana.

ANASTASE: Amelala.

VESTINE: Mama? Saa tatu hii? Mama anayeamsha majogoo?

ANASTASE: Dada, ingia bwana. Maliza sentensi. "She slept." Basi, ingia.

VESTINE: Iseme kwa Kinyarwanda.

ANASTASE: Vocha itaisha—

VESTINE: Hiyo "slept" yako. Ni ya leo, au ya jana kurudi nyuma?

ANASTASE: Wanakuita, nasikia—

VESTINE: Anastase! Ipi?

ANASTASE: Ya leo.

VESTINE: Leo... leo saa ngapi?

ANASTASE: Alfajiri. Nimekupigia mara kumi na moja, hupatikani. Halafu nikashukuru hupatikani. Yeye mwenyewe alisema usiambiwe mpaka utoke. "Vestine asipoteze darasa lake kwa ajili yangu." Alinishika mkono akasema hivyo.

VESTINE: Mama yangu... Jamani, mama yangu.

ANASTASE: Rudi nyumbani. Nakuja kukuchukua. Mtihani utafanya mwakani.

VESTINE: Mwakani haupo. Walishasema, wa mwisho ndio huu. [sauti kwa mbali] Wameita jina langu.

ANASTASE: Dada—

VESTINE: Wameita tena. Sikiliza. Msimvalishe. Nitamvalisha mimi. Vazi lake la mushanana, lile alilovaa harusini kwako, liko kabatini chini ya mablanketi.

ANASTASE: Sawa.

VESTINE: Na uji wa mtama aliokorogewa jana, msimwage. Usimwage, unasikia?

ANASTASE: [analia] Nasikia.

VESTINE: Acha kulia, utaniliza nione karatasi nusu nusu. Na umwambie naingia.

ANASTASE: Nimwambie nani?

VESTINE: Mama! Nenda chumbani umwambie, naingia sasa hi—

ANASTASE: Haloo? Dada? Haloo? [mlio wa simu iliyokatika] ...Haya. Naenda kumwambia.